Nani Atamtwika?

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ninaanza na salamu kwa sababu hukuwahi kukubali kusikiliza habari yoyote, hata ya msiba, kabla hujasalimiwa. Kwa kuwa safari hii siwezi kungoja itikio lako, nitaendelea kana kwamba umelitoa, kwa sauti yako ya chini ya mtu aliyebana pindo la kanga kwa meno.

Mchezo umetoka. Nimeona nikuambie hilo mapema, maana ulichukia msimulizi anayezunguka. Umekuwa mikononi mwa watu kwa wiki sita sasa, na swali lako limo ndani yake, mahali palepale ulipolitaka.

Wanaosoma barua hii pamoja nawe hawaujui, kwa hiyo nivumilie niwaeleze. Ni mchezo wa kompyuta unaoitwa *Ngata*, kwa jina la kile kitambaa kilichoviringwa ambacho mchukuzi hukiweka kichwani chini ya mzigo. Mwanamke mmoja anapanda mlima wenye ukungu, mikono mitupu, anafika shambani, anabeba mzigo kichwani, anashuka nao hadi sokoni. Hakuna adui, hakuna saa inayomharakisha, wala hakuna neno hata moja lililoandikwa. Kuna mawe ya kurukia, vijito, magogo ya kuvukia na udongo unaoteleza. Akipanda, mchezaji huona kila kitu. Akishuka, shingo haiinami, na ukungu hufunika sehemu yote ya chini ya kioo. Mchezaji haoni tena miguu ya yule mwanamke wala inapokanyaga. Fumbo lote limo humo. Ulichokitazama ulipokuwa ukipanda ndicho pekee ulichonacho unaposhuka.

Sikuyabuni hayo. Nimetumia miaka mingi kuwafundisha vijana wa chuo kikuu namna ya kutenganisha walichokigundua na walichokikuta, na haki hiyohiyo nadaiwa mimi. Haya niliyakuta kwako.

Mama alipokuwa akiuza vitunguu kwenye njia panda ya Dumila, mimi nilikuwa kwako juu ya Mkuyuni. Watu wa mjini walipouliza ni kwa nini nalelewa na mama mdogo, uliwashangaa, kwa kuwa kwetu mtoto wa dada ni mtoto, basi. Siku za soko tulipanda shambani alfajiri. Nakumbuka nilivyokuwa nikitazama vilele, ndege, moshi wa majirani, nawe ukanigeuza uso kwa vidole viwili ukauelekeza chini.

"Njia isome wakati kichwa bado ni chako."

Sikuelewa hadi tulipokuwa tunarudi, wewe na tenga la mananasi, mimi na kikapu changu cha ndizi mbivu. Mtu aliyebeba mzigo kichwani haangalii chini. Anaangalia mbele, na miguu inatembea juu ya njia iliyohifadhiwa akilini. Nilitambua siku ile kwamba wakati wa kupanda ulikuwa ukifanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ile ya kushuka.

Kisha yalikuwapo majani. Chini ya Jiwe la Bi Mosi, lile bapa lililolingana na kimo cha kichwa ambalo juu yake wachukuzi walitua mizigo yao, palikuwa na jiwe jingine jeusi, dogo, lenye ukoko wa kijani unaoteleza. Kila ulipolifikia ukiwa unapanda ulivunja jani la gugu la kando, ukalilaza juu yake, shina likielekea upande salama. Nilikuuliza ni kwa nini unajihangaisha ilhali jiwe hilo unalijua tangu usichana wako. Ulijibu bila kusimama kwamba jani hilo hujiwekei mwenyewe, wewe umeshaona.

Niliyabeba hayo kwa muda mrefu bila kuyapa kazi. Siku moja nikiwa nasahihisha mitihani ya mantiki nilijiuliza kama kanuni yako ingeweza kuandikwa kwa namna ambayo mtu asiyewahi kubeba chochote angeitii. Nilimpelekea Rashidi wazo hilo. Unamkumbuka: mchoraji na mwandishi wa programu, Mzigua, na kwa hiyo mtani wetu, jambo ambalo hukumwacha alisahau hata siku moja. Tulipanga chumba Kihonda, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Rashidi alichora mlima kwa rangi za tope, za majani ya mgomba na za mawingu yaliyokaa chini. Mimi niliandika kanuni: ni kitu gani kinaweza kutokea, kitu gani hakiwezi, na kwa sababu gani.

Sauti zilitushinda. Mashine ya kusaga iliingia katika kila tulichorekodi, kwa hiyo tulipanda kwako na kinasa sauti. Rashidi alikuomba utembee kama kawaida yako, ukatembea kama mtu anayempeleka bibi harusi. Tulirudia mara saba. Mara ya nane ulichoka na sisi, ukasahau tunarekodi, ukaenda kufukuza kuku. Nyayo zinazosikika katika mchezo mzima ni zile za kufukuza kuku. Halafu Rashidi akasema kwa masikitiko kwamba shida iliyobaki ni ukungu, kwa kuwa ukungu hauna sauti. Ulimtazama kama mtu aliyekuambia maji hayana unyevu. Ulitueleza kwamba ukungu ukishuka, mbali pananyamaza na karibu panasogea. Humsikii jirani anayekuita, ila unalisikia tone likianguka kutoka kwenye jani la tano. Tuliifuata sentensi hiyo kama mafundi wanavyofuata ramani. Wachezaji wengi waliotuandikia wametaja ukungu kabla ya kutaja kitu kingine chochote, na kila ninaposoma nasikia kiburi ambacho si changu peke yangu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Tulikuletea mchezo ukiwa nusu. Ulikaa barazani, kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa, padi ya kuchezea mikononi mwako ikionekana kama kitu cha kumenyea. Ulipanda vizuri kuliko sisi. Ulishuka polepole, ukitaja kwa sauti kila hatua uliyoikumbuka, na jirani yako Mama Asha akacheka kwamba leo umepata soko ambalo halikulowanishi. Kwenye hatua ya nne ya mchezo yule mwanamke alichoka. Rashidi alikuwa anaisubiri sehemu hiyo, kwa sababu alikuwa amechora kwa majuma mawili namna anavyoushusha mzigo, anavyokaa kando yake, anavyofuta uso.

"Ametua," ulisema, ukaridhika.

Rashidi akakuonyesha kitufe. Ukakibonyeza. Yule mwanamke akainama, akaunyanyua mzigo, ukarudi kichwani mwake, akaendelea na safari. Uliiweka padi chini taratibu.

"Nani kamtwika?"

"Kajitwika mwenyewe, bibi. Ana nguvu huyo."

"Mtani, wewe umewahi kubeba nini kizito kuliko simu?"

Mama Asha akacheka hadi akakohoa. Wewe hukucheka. Ulinitazama mimi, si yeye, na nilijua kwamba swali lilikuwa langu. Ulituongoza uani, ukalisimamisha tenga lililojaa mananasi, ukaniambia nijitwike. Nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada ambazo ulizitaja majirani wakiwapo na kuzisahau wakiondoka. Nililinyanyua hadi gotini, hadi tumboni, nikafika kifuani. Hapo mikono haina tena pa kushika, na shingo haina namna ya kuingia chini ya kitu ambacho mikono yenyewe inakizuia. Lilinigeukia. Nanasi la kwanza lilipita kati ya nyumba yako na ya Mama Asha, la pili likalifuata, na Rashidi akayakimbilia mteremkoni hadi hatukumwona.

Mzigo unaostahili kuitwa mzigo, mtu anaweza kuutua peke yake, lakini hawezi kuuinua peke yake. Ndiyo maana yapo mawe kama la Bi Mosi. Pasipokuwa na jiwe, unamngoja mtu. Na mtu huyo ni lazima awe anapanda, mikono mitupu, kwa sababu aliyebeba hawezi kuinama.

Tuliporudi barazani nilikaa chini nikaona haya, na haya yangu yalikuwa na sababu kamili. Ningeweza kusamehewa kwa kutojua. Lakini mimi nilikuwa nimebeba, mwaka baada ya mwaka, nikawa nimesahau, kwa sababu kila mara ulinitwika wewe, na mikono ya anayekutwika iko juu ya kichwa chako, pale usipoona. Niliandika kanuni za mlima mzima nikaacha kanuni inayomfikisha mtu nyumbani.

Rashidi alirudi na mananasi manne kati ya sita, akakuuliza unataka tufanye nini. Ulisema hujui mambo ya gemu. Unachojua ni kwamba mwanamke huyo ametua mzigo wake njiani, na hutaondoka hapo barazani mpaka uambiwe nani atamtwika.

Tulibomoa karibu kila kitu. Miezi minane, Mama Mdogo, ya kuzibua na kuziba. Tuliweka mawe ya kutulia mizigo pale mlima unaporuhusu, tukaondoa kile kitufe. Halafu tulifanya jambo ambalo Rashidi aliliogopa hadi siku ya mwisho: tuliwafungulia wachezaji wote njia moja, kwa mtandao. Sasa mtu akitua mahali pasipo jiwe, mwanamke wake hubaki amesimama kando ya mzigo. Mchezaji mwingine, awe Kigoma au ng'ambo ya bahari, akipita anapanda, humwona. Anaweza kupita zake. Anaweza pia kusimama, kuinama, kushika upande mmoja, na kumtwika. Hawajuani majina, hawawezi kuandikiana, na anayetwika hapati alama yoyote. Nilisisitiza hilo la mwisho. Ulinitwika miaka yote hiyo bila kupata alama. Na majani, ambayo mchezaji anaweza kuyalaza juu ya mawe kama ulivyofanya wewe, na ambayo mwanzoni kila mmoja aliyaona yake tu, tuliyafanya yaonekane na wote.

Hukuuona mchezo katika hali hiyo. Masika yaliingia, ukaugua, na ugonjwa haukukungoja. Sitaandika mengi juu ya siku zile, kwa kuwa hukupenda mtu anayelia huku anazungumza. Ulisema achague moja. Nitakuambia tu alichofanya Rashidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kukifanya isipokuwa mtani. Siku ya tatu ya matanga alijilaza kwenye mkeka mlangoni akatangaza kwamba hali chakula wala haondoki. Bibi huyu, alisema, alimvunjia kazi yake yote kwa swali moja. Ameijenga upya, naye ametoroka bila kuijaribu. Basi ukoo umpe haraka mtu mwingine wa kumsumbua. Wanawake walicheka na machozi yakiwatoka. Mjomba alimrushia kipande cha muhogo, akisema kwamba wa kumsumbua wapo wengi na waanze na huyu hapa, akaninyooshea kidole mimi.

Kwa hiyo nilimsumbua, na tukamaliza.

Kisha likaja jaribu lenyewe. Kampuni moja ya nje, inayosambaza michezo ya aina hii, iliuona wetu ikaupenda. Walisifu ukungu, walisifu michoro, wakauliza nyayo zile tulizipata wapi. Walikuwa na sharti moja: tukirudishe kitufe. Wachezaji, waliandika kwa adabu kubwa, hawapendi kusubiri. Wakikwama njiani wataufunga mchezo na hawatarudi.

Nataka uelewe ni kwa nini sikujibu siku hiyo wala siku iliyofuata, usije ukadhani niliyumba kwa tamaa. Hoja yao ilikuwa na nguvu kuliko walivyojua wenyewe. Kanuni yako inahitaji watu. Njia isiyopitiwa na mtu ni njia ambayo anayetua humo amepotea. Watu wengi wangeletwa na kampuni ile, na kampuni ile ingewaleta ikiwa tu tungeiondoa kanuni. Tukikataa, kanuni ingebaki, lakini huenda pasingekuwa na mtu wa kuitimiza. Mchezaji wa kwanza kutua mzigo angebaki amesimama kwenye ukungu wetu, akingoja. Nililiandika tatizo hilo ubaoni kwa pande zote mbili. Nimezoea kuamini kwamba tatizo lililoandikwa vizuri hujitatua nusu. Hili halikufanya hivyo.

Rashidi aliusoma ubao ule kutoka juu hadi chini, mashine ya jirani ikisaga. Mwishowe alisema, "Mkuyuni siku ya mvua watu wanakuwa wangapi njiani?"

Nilimjibu kwamba wachache.

"Na bibi alikuwa anatua?"

Ulikuwa unatua. Nilikuona mara nyingi ukitua katika mvua, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala dalili ya mtu, ukaketi kando ya tenga lako bila wasiwasi wowote niliouona usoni. Sikuwahi kukuuliza ulijuaje kwamba atatokea mtu. Nadhani hukujua. Nadhani ulitua kwa sababu umechoka, na ulingoja kwa sababu wewe mwenyewe, ulipopanda, hukuwahi kumpita mtu.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikawashukuru, nikakataa. Walijibu kwa upole wakajitoa. Tukautoa mchezo wenyewe, asubuhi moja ya kawaida, Rashidi akibonyeza na mimi nikisimama nyuma yake kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Wachache walikuja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba asibaki mtu njiani kwa kosa letu, kwa hiyo siku za mwanzo tuligawana zamu za mchana, yeye asubuhi na mimi baada ya vipindi, tukawa tunapanda na kushuka ndani ya mchezo wetu wenyewe, tukiwatafuta waliotua. Wenzangu wa idarani waliniona nikicheza gemu ofisini na mlango wazi, wakawa na heshima ya kutouliza. Niliwatwika watu ambao sitawajua kamwe. Hawakujua kwamba ni mimi. Katikati ya wiki ya pili nilianza kufika nikakuta mtu tayari ametwikwa. Nilimwona tu mgongo, anashuka, na aliyemsaidia anapotelea juu kwenye ukungu. Wiki ya tatu Rashidi alinipigia akasema, kwa sauti ya mtu aliyefukuzwa kazi, kwamba amezunguka asubuhi nzima na hajakuta hata mmoja wa kumsaidia.

Wengine wametukosoa, na baadhi wana haki. Wapo waliokwama wakaondoka, kama kampuni ile ilivyotabiri. Siwezi kusema kwamba tulishinda hoja yao. Naweza kusema tu kwamba hatukukosea kuhusu njia.

Jumapili iliyopita nilikaa kucheza bila kazi yoyote, mchana, mvua ikiwa nje. Nilipanda hadi shambani nikabeba mzigo. Ile hatua ya tisa ya mchezo tuliichora kutokana na njia yako, na baada ya Jiwe la Bi Mosi nilitua kwa makusudi, hatua chache chini yake, pasipo pa kuegemeza chochote. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo hata mara moja. Nilikuwa nimewatwika watu wiki nzima nzima, lakini sikuwa nimengoja.

Kungoja si jambo dogo, Mama Mdogo. Niliiandika kanuni ile na bado nilijikuta nahesabu matone.

Alitokea chini, anapanda. Alisimama nilipo. Nilidhani atainama anitwike. Badala yake aligeuka akarudi chini alikotoka, taratibu, hadi kwenye lile jiwe jeusi dogo ambalo alikuwa amelivuka muda si mrefu. Akavunja jani la kando. Akalilaza juu yake, shina upande wa kulia, wakati mimi bado sijabeba na macho yangu bado yanaweza kushuka. Kisha akapanda tena hadi nilipo, akainama, akanitwika, akaendelea na safari yake.

Hakuna mahali popote katika mchezo tulipomfundisha mtu kufanya hivyo. Tuliweka majani, tukaweka mawe, tukanyamaza. Mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, ameisoma njia yako akafika mahali palepale ulipofika wewe, kwa miguu yake mwenyewe. Nimetetea tasnifu, nimepokea pongezi za watu wazito, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia jani lile.

Niliposhuka, ukungu ulifunika miguu yangu. Nilikanyaga kulia.

Uliapa hutaondoka barazani mpaka uambiwe nani atamtwika. Sasa umeambiwa. Unaweza kuinuka. Mungu akupe mapumziko ya mtu aliyetua salama; kichwa ni chako sasa.

Mwanao, wa dada yako,
uliyemgeuza uso kwa vidole viwili